Mlango wa Uani

Jumatatu, 3 Juni

Sikuubeba ule mlango.

Naanza na hilo moja kwa moja, maana nikianza na hali ya hewa nitaishia kwenye hali ya hewa. Miaka yote hii watu wanasema niliung'oa mlango wa nyumba yangu kwenye bawaba, nikautia begani, nikaubwaga ofisi ya kodi ya wakoloni, na mapinduzi yakaanzia hapo. Watoto wa shule wameliimba hilo. Mtaa mzima unaniita Mzee Bawaba. Mimi hukaa kwenye kiti cha heshima nikitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeomba asitajwe sana. Kumbe hata kuunyanyua upande mmoja nisingeweza. Aliyeubeba ni mke wangu. Kichwani. Akiwa na mimba ya miezi mitano.

Basi. Nimeandika, na mkono haujakauka.

Sababu ya kuandika leo: nimetoka hospitali. Daktari, kijana mwenye viatu vya michezo, kasema moyo wangu umepanuka. Nikamwambia kinachopanuka ni barabara, moyo hutanuka. Akaandika upya. Mke wangu, aliyekuwa ameshika fimbo yangu, akasema hizo ni habari njema, maana wakati anaolewa ulikuwa mdogo sana. Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Kisha akaniongezea vidonge na kuniruhusu chumvi.

Hapo nikaelewa. Miaka sita wamenikataza chumvi kwa vitisho. Mtu akirudishiwa chumvi yake, ajue safari imekaribia.

Usiku nimekula mchuzi wenye ladha. Nimefurahi, na nimeogopa.

Jumanne, 4 Juni

Kamati ya sherehe ilikuja asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa, mpigapicha wake, na mabwana wawili wenye misuli. Jumamosi ya wiki ijayo ukumbi mpya unafunguliwa, na ukutani, nyuma ya kioo, wanataka Mlango. Wanautamka kwa herufi kubwa, unasikia kabisa.

"Uko wapi, mzee wetu?" Mwenyekiti akauliza, akivua kofia.

Nikawaomba wasubiri kidogo. Mke wangu alikuwa anautumia.

Mlango uko bafuni. Tulipojenga upya nyumba hatukuwa na pengine pa kuuweka, na bafu halikuwa na mlango. Wote wanne wakasimama uani wakimsikiliza mke wangu akijimwagia maji. Alipotoka na taulo kichwani akawakuta wamejipanga kama watu wanaopokea maiti. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nitaogea wapi?"

Mwenyekiti akasema taifa halitamsahau. Akajibiwa kwamba taifa lisisahau kuleta mlango mwingine, basi. Wakaufungua bawaba, wakauzungushia blanketi, wakaondoka nao. Bafuni tumetundika shuka la maua. Upepo ukivuma, linainuka mpaka magotini.

"Hii mara ya pili serikali inakwenda na mlango wangu," akaniambia jioni. "Mara ya kwanza angalau niliupeleka mwenyewe."

Husema hivyo ndani ya nyumba, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya vitunguu. Nje hajasema hata siku moja. Niliwahi kumuuliza sababu. Akasema: "Wewe unaletewa zawadi. Wakijua ni mimi nitaletewa maswali."

Alhamisi, 6 Juni

Niandike kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa shuleni, jambo la kwanza likitangulia.

Nilikuwa karani wa ofisi ya kodi, na mkalimani. Kijana, kola ngumu, mwandiko mzuri kuliko wa bwana wangu. Yeye tulimwita Bwana Kodi, kwa sababu jina lake halisi lilihitaji meno tusiyokuwa nayo. Alitumwa kukusanya fedha za barabara ambayo sisi hatukuiomba na yeye hakuwahi kuipita. Kwanza alitoza kwa kichwa. Ikifika siku ya kuhesabu, vichwa vyote viko kwa shangazi. Akatoza kwa nyumba. Familia tatu zikahamia nyumba moja, zikalala mzungu wa nne. Ndipo alipofikiria milango. Mlango hauendi kwa shangazi.

Alipita barabarani na fimbo yake, akihesabu milango kulia na kushoto, mimi nyuma yake na wino. Mlango ukilipiwa ulipigwa alama ya rangi nyeupe. Watu walinung'unika, wakalipa.

Mwezi mmoja baadaye likatoka tangazo jipya: na milango ya uani pia.

Sasa, mjini kwetu kila nyumba ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa wageni, wanaume na salamu ndefu. Wa uani ulikuwa wa wanawake. Huko ndiko maji yalikoingilia, majivu yalikotokea, na habari zilikopita pande zote mbili. Mwanamke aliweza kutoka akaazima chumvi, akamteta wifi, akarudi, bila kukatiza mbele ya mgeni. Barabarani mlango huo hauonekani. Mgeni angeweza kuwa rafiki wa nyumba miaka ishirini asijue uko upande gani. Bwana Kodi alikuwa na miezi saba tu. Habari hizo alizipataje — tuliache hilo kwa sasa.

Wanaume tukakutana. Tukaona dawa ni kuiziba milango ya uani kwa matofali. Mimi nilikuwemo, niliandika hata muhtasari. Tukashikana mikono, tukasifiana busara.

Hakuna aliyewauliza wanawake.

Mke wangu alipoambiwa kwamba kuanzia sasa ndoo ya majivu itapita sebuleni, mbele ya mgeni, na yeye nyuma ya ndoo, alikwenda akayamwaga majivu. Kesho yake niko mezani kwangu ofisini, nasikia watu barabarani wanacheka, halafu nasikia wameacha kucheka. Akaingia na mlango wa uani kichwani. Akautua juu ya meza yangu, juu ya wino, juu ya mkono wangu wa kushoto.

"Mlango wenu huo," akasema. "Mimi nitapita dirishani."

Akaondoka. Kabla ya adhuhuri wake wa mji mzima walikuwa njiani na milango vichwani. Mia nne. Ukitazama toka dirishani ungedhani nyumba zimechoka kukaa, zimeamua kutembea.

Bwana Kodi akatoka chumbani kwake. Akauliza kwa lugha yake: huu wa kwanza ni wa nani? Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Badala ya kutafsiri nikajibu: "Wangu."

Vitabu vinasema nilijibu kwa kifua. Nilijibu kwa sababu ulikuwa wa mbao ngumu, mawingu yalikuwa yameshatanda, na wabebaji walikuwa wanaanza kuitoa milango nje. Nilidhani anataka kunirudishia kabla haujalowa.

Wiki kumi jela. Milango mingine aliamuru ichomwe, na upepo ukageuka, ofisi ikaungua pamoja nayo. Wangu ukapona kwa sababu ulifungiwa stoo ya jela kama ushahidi. Mji ukalala wazi, askari wakawa wanaingia majumbani kama mbuzi, hasira ikapanda, na mwaka uliofuata mapinduzi yakaanza. Siku niliyotoka walinibeba mabegani toka lango la jela mpaka kwangu. Ningesema nini? Ni vigumu kumsahihisha mtu aliyekubeba.

Ijumaa, 7 Juni

Leo shemeji kanifunga michezo mitatu ya drafti, miwili kwa wizi.

Shemeji yangu huyu ni kaka wa mke wangu, fundi seremala, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Masikio yamekufa yote mawili. Kuongea naye ni kupiga kelele, na kumwambia siri ni kama kuisoma sokoni. Mtaa mzima unajua habari za kibofu changu kwa sababu yeye aliniuliza naendeleaje.

Na anaitwa Redio. Ndiyo, kiziwi anaitwa Redio.

Jina hilo lilikuja wiki ya lile tangazo. Alionekana akiingia ofisini kwetu na sanduku lake la vifaa. Alikuwa ameitwa kufungua kabati la Bwana Kodi lililokuwa limegoma. Lakini yeye ndiye aliyetengeneza karibu kila mlango wa uani mjini, na tangazo lilitoka siku mbili baadaye. Watu wakajumlisha. Wakasema Redio ndiye aliyetangaza. Alikana mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemtupia jiwe, hapana. Waliacha tu kumwagiza milango. Wakawa wanaagiza mji wa pili. Yeye akabaki na vigoda, kisha akaingia kwenye majeneza, kwa sababu mteja wa jeneza hachagui fundi.

Siku hizi ananitazama kwa jicho la kazi. Juzi nilijifanya nimesinzia, nikamkamata ananipima kwa shubiri toka miguuni. Nikamwambia mimi ni mrefu kuliko hapo. Akapima tena.

Mke wangu naye alijumlisha pamoja na wengine. Kaka yake wa damu. Hakumfukuza, hakumtukana. Alimwondolea sukari. Tangu mwaka ule Redio anakunywa chai ya nyumba hii kavu, kila siku, akiamini dada yake hana mkono wa chai. Ana adabu, hawezi kumsema dada mtu mbele ya mumewe. Hunionea huruma tu. "Umevumilia, shemeji," huniambia, akikunja uso. Kikombe changu kina vijiko vitatu.

Leo, akipanga kete, aliniomba jambo. Hajawahi kuniomba kitu.

"Jumamosi utashika kipaza sauti."

"Nitashika!" nikapiga kelele.

"Sema si mimi."

Nikajifanya natafuta kete iliyoanguka.

"Wewe watakuamini," akasema. "Maneno mawili tu. Si yeye. Sitaki kuzikwa na hili jina, shemeji. Jeneza langu nimelitengeneza mwenyewe, ni zuri. Sitaki watu walipite wakisema, Redio imezimwa."

Nikamwambia nitaona. Hakusikia. Sikurudia.

Jumapili, 9 Juni

Mjukuu wangu, mwalimu wa historia, alikuja kunisaidia kupanga hotuba. Kaja na kompyuta, na ndizi. Akaniambia niongee tu, yeye ataandika. Nikaongea. Kila sentensi ya pili nikaona kaikosea, nikairudisha. Baada ya saa moja tulikuwa na salamu peke yake.

"Babu," akasema, akifunga kompyuta, "kuna kitu hakinikai. Bwana Kodi hakuwahi kukanyaga uani kwa mtu, sivyo?"

"Hakuwahi."

"Kwa hiyo kuna aliyemwambia."

"Redio," mke wangu akasema toka jikoni, bila kuulizwa.

"Bibi, huyo ni kaka yako."

"Kwani kaka hana mdomo?"

"Redio alikwenda kufungua kabati. Alijua lugha ya Bwana Kodi?"

 Sufuria ikawekwa chini kwa nguvu kidogo.

"Walikuwa na mkalimani," mke wangu akasema.

Mimi nikakohoa. Nilikohoa kwa muda mrefu, kwa ustadi, mpaka nikaletewa maji na mto. Mjukuu akanipapasa mgongo. Alipoona nimetulia akaniuliza, polepole kabisa: "Sasa babu, ulimtafsiria nini?"

Nikamwambia hakuna nilichotafsiri. Ni kweli. Huo ndio ubaya wake, kwamba ni kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Miguu imevimba. Chumvi, nadhani. Siiachi.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimejaribu.

Nilingoja mke wangu aende kwa jirani. Nikainama juu ya ubao wa drafti, nikamwambia Redio kwa sauti ya chini, kila kitu, toka mwanzo hadi mwisho.  Nilipomaliza nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Yeye akasogeza kete, akala tatu zangu.

Nikaongeza sauti kidogo. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Paza, shemeji. Hapa hakuna wa kumwogopa."

Upande wa pili wa ukuta, wanawake waliokuwa bombani wakanyamaza wote kwa pamoja. Hata maji nadhani waliyafunga. Mtaa huu umezoea kutusikiliza. Sisi ni burudani yao ya mchana.

Nikavuta pumzi.

"Nimesema ni zamu yako!"

"Nimeshacheza," akasema.

Jumatano, 12 Juni

Nimefikiria njia nyepesi. Nitashika kipaza sauti niseme, "Si Redio," nishuke. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Inatoka vizuri, ina uzito. Nikampigia mjukuu simu kumsomea. Akaisifu. Halafu akasema: "Lakini watauliza, basi ni nani. Babu, ukumbi mzima utauliza."

Nikamwambia laini inakatika.

Alhamisi, 13 Juni

Redio kaja asubuhi, si saa zake, na mkokoteni. Juu yake mlango. Mpya. Mbao ngumu, umepigwa randa mpaka unang'aa, bawaba tatu za shaba.

"Wa bafu," akasema. "Nimeona dada anaoga na shuka."

Hajatengeneza mlango tangu ujana wake. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa ameweka mbao hizo kwa ajili ya jeneza la mteja mmoja — hakumtaja, lakini alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema mteja huyo atapata za aina nyingine, nzuri pia.

Aliutundika mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Mikono inatetemeka akishika kikombe, ikishika bisibisi haitetemeki. Mke wangu akasimama pembeni, mikono kifuani, akimwangalia kaka yake kazini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alipomaliza, mke wangu akaufungua, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Haukutoa hata mlio. Akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Kazi safi," akaniambia mimi, si yeye. "Mdomo tu ndio uliomponza."

Kisha akamletea chai. Nilikitazama kile kikombe kikienda kwake. Redio akanywa, akakunja uso, akasema, "Asante, dada, nzuri sana."

Sikuweza kumaliza changu.

Ijumaa, 14 Juni

Mwenyekiti kaja na maandishi ya kibao cha ukutani, niyapitie. Yanasema niliubeba mlango begani. Yanasema nilitembea peke yangu, uso juu, na kumwambia mkoloni maneno makali. Yanasema wanawake wa mji "walihamasika wakamfuata". Na tarehe imekosewa kwa siku moja.

Nikamsahihishia tarehe.

Kaondoka akinishukuru. Nimekaa na kalamu mkononi tangu wakati huo. Katika yote yaliyoandikwa pale, nimesahihisha tarehe.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. "Hata kifo kikija," akasema, "utakiambia kimekosea namba ya nyumba." Akaniwekea blanketi miguuni. Nilitaka kumwambia. Alikuwa karibu kabisa, mkono wake begani kwangu, na yeye anasikia vizuri mno. Nikasema nina kiu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika haraka, daftari gotini.

Nimevishwa suti tangu saa mbili. Ni ile niliyoivaa kumwoza binti yetu. Suti imebaki vile vile, mimi ndiye niliyepungua. Bendi ya shule iko mbele ya nyumba. Mwenyekiti yuko sebuleni na dereva, anakunywa soda na kutazama saa. Mjukuu wangu yuko huko huko, kanishikia hotuba. Inaanza na salamu na inaishia na "si Redio". Katikati nimeweka shukrani.

Nilikuja chumba hiki cha nyuma kutafuta dawa zangu. Mlango wa uani ukagongwa. Redio. Kavaa koti la kuazima, mikono imemeza vidole. Tai. Hajaalikwa, kaja tu kunisindikiza mpaka kwenye gari. Akakaa mahali pake pa siku zote, na kwa mazoea akachukua kete moja akaishika.

"Utasema, shemeji?"

Sauti yake ni ya kiziwi. Sebuleni mazungumzo yakapungua.

"Nitasema si wewe!" nikapiga kelele.

Akatikisa kichwa. Nilidhani atafurahi. Akaitazama ile kete.

"Wakiuliza ni nani?"

Nikarudi kutafuta dawa zangu.

"Mimi simtafuti ubaya mtu," akasema. "Huyo aliyesema ameshakufa, bila shaka. Ila nataka kujua. Kwa sababu, shemeji, kuna wakati najiuliza. Wote waliniambia ni mimi, hata dada. Nikawaza, huenda ni kweli. Huenda siku ile nikilifungua lile kabati nilisema kitu, kwa ishara, kwa kucheka, nikasahau. Nimejitafuta sana. Miaka mingi nimejitafuta. Sijioni nikisema, lakini sina hakika tena."

Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeuliza kama taa ameizima.

Nikasimama. Nikashika meza. Nikajaza kifua hewa yote ambayo moyo wangu uliotanuka uliniachia, nikapiga kelele. Yote. Nilipofika katikati bendi ilikatisha wimbo. Nilipomaliza nilisikia bomba la jirani likifungwa.

 Naandika kabla hawajaingia, kwa sababu Mwenyekiti akiingia atacheka, ataniambia mzee amechoka, hakumaanisha, na mimi nitakubali. Najijua. Nitakubali kwa unyenyekevu.

Redio bado kashika kete yake. Haisogezi, haiweki chini.

Mke wangu yuko mlangoni na sinia. Sijui amesimama hapo tangu lini. Ameliweka sinia mezani. Amekichukua kikombe changu, amekiweka mbele ya kaka yake. Cha kaka yake amekiweka mbele yangu. Hajaondoka.

Redio amekunywa. Amekitazama kikombe. Amemtazama dada yake, muda mrefu, kisha amekunywa tena, taratibu, kama anayeogopa kitakwisha.

Nimeonja cha kwangu. Kwa kweli hainyweki.

Mjukuu ananiita. Mwenyekiti anauliza kwa nguvu kama kuna tatizo lolote, gari liko tayari, mgeni rasmi ameshafika.

Nilichosema ni hiki. Jioni moja, kabla ya tangazo la milango ya uani, Bwana Kodi alikuwa amefunga hesabu zake, ameridhika, ameshavaa kofia aende. Akasema, kwa kujisemea tu, mji huu una milango mia nne. Nikasema hapana, bwana, ni mia nane, kila nyumba ina mwingine uani. Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Hakuniuliza. Nilimsahihisha tu.